Mkasi kwa Fundi Mwenye Ugonjwa wa Viungo vya Mikono

Mgonjwa anayelalamikia maumivu ya vidole afikapo zahanati huulizwa maumivu yalianza lini, huzidi saa ngapi, na kama ana homa. Ni nadra kuulizwa anashika kifaa gani kutwa. Kwa fundi wa kushona nguo swali hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu cherehani huendeshwa kwa miguu au kwa mota, lakini mkasi hauna msaidizi isipokuwa mkono wenyewe. Fundi asiyeweza kukata hana cha kushona. Wengi hujikuta kati ya njia mbili mbaya: kuacha kazi inayowalisha, au kumeza dawa za maumivu kila siku ili wamalize nguo walizopokea.

Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mlango wa Mto Ruvuma, kazi hii ina msimu wake. Fedha za korosho huanza kuingia miezi ya mwisho wa mwaka, na watu hununua vitambaa. Shule hufunguliwa Januari, na sare zote hutakiwa ndani ya wiki chache. Kanga nazo huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, na kila doti hukatwa katikati na kupindwa kabla ya kuvaliwa. Mkono uliovumilia tangu Machi huanza kukataa Desemba, wakati ambapo fundi hana nafasi ya kuupumzisha.

Mkasi unaofaa hauponyi ugonjwa wa viungo. Hata hivyo, hupunguza mzigo unaobebwa na kiungo kilichoumia, na kwa mgonjwa anayekata vitambaa kila siku, upunguzaji huo ni sehemu ya matibabu kama zilivyo dawa na mazoezi.

Mkono unaumwa nini?

Maumivu ya viungo huitwa na watu wengi baridi yabisi, bila kujali chanzo chake. Jina hilo moja hubeba magonjwa yasiyofanana, na mkasi unaomfaa mgonjwa mmoja waweza kumtesa mwingine.

Ugonjwa wa kusagika kwa viungo huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, hasa wanawake. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, hulika polepole. Mikononi hupenda kushambulia mzizi wa kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono, pamoja na viungo vya mwisho vya vidole, ambako huacha vinundu vigumu. Ukakamavu wa asubuhi huwa mfupi, kwa kawaida chini ya nusu saa, na maumivu huongezeka kadiri mkono unavyotumika.

Baridi yabisi yenyewe ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo. Huvimbisha mizizi ya vidole na vifundo vya mikono, mara nyingi mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi huweza kuzidi saa nzima. Mgonjwa wa namna hii hasa ndiye asiyepaswa kucheleweshwa na ushauri wa mikasi. Kiungo chake huharibika ndani ya miezi michache asipopata dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe, kama methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki na kamwe si kila siku.

Chanzo cha tatu kina uhusiano wa pekee na mkoa huu. Jina la homa ya chikungunya limetoka katika lugha ya Kimakonde. Ugonjwa huo ulitambuliwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika Uwanda wa Makonde, eneo la Newala, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1955 na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden. Jina hilo hueleza hali ya kujikunja, kwa kuwa wagonjwa walishindwa kusimama wima kwa ukali wa maumivu. Virusi vyake huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, ambao huuma mchana. Homa huisha kwa siku chache, lakini kwa baadhi ya wagonjwa maumivu ya vidole, vifundo vya mikono na vifundo vya miguu hudumu miezi kadhaa, na wengine hupita mwaka. Yafaa kukumbuka kwamba wenyeji walikuwa na neno la kuieleza hali hii kabla ya maabara kuwa na jina lake.

Kwa sababu hiyo, fundi anayesema vidole vilianza kuuma baada ya homa aulizwe kwa makini juu ya homa hiyo. Ikiwa homa ingalipo, malaria ipimwe, na dengi ifikiriwe pia. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zisitolewe mpaka dengi iwe imeondolewa katika shaka, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamo ndiyo salama zaidi kwa muda huo, kwa kipimo kilichoelekezwa.

Kinachotokea mkasi unapofunga na kufunguka

Mkasi hufanya kazi mbili, na watu hukumbuka moja tu. Kufunga kunajulikana: vidole hubana, kitambaa hukatika. Kufungua kumesahauliwa. Kila baada ya kukata, mgongo wa kidole gumba husukuma kishikio cha juu ili mabapa yaachane. Msukumo huo ni mdogo, lakini hurudiwa mamia ya mara kwa siku, tena kwa kano nyembamba zilizo upande wa kidole gumba. Mgonjwa anayeonyesha maumivu upande huo wa kifundo cha mkono mara nyingi huumizwa zaidi na kufungua.

Kufunga nako kuna hesabu ya kushangaza. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1977 na Cooney na Chao vilionyesha kwamba kubana kitu kwa ncha za kidole gumba na kidole cha shahada kwa nguvu ya kilo 1 huleta mgandamizo wa takriban kilo 12 katika kiungo cha mzizi wa kidole gumba. Kiungo hicho ndicho kinachosagika mapema kuliko vingi vya mkono. Basi mkasi butu unaodai nguvu mara mbili huongeza mzigo mkubwa sana mahali pasipoonekana.

Mkasi butu, au uliolegea katikati, una hila nyingine. Mabapa yake huachana na kukunja kitambaa badala ya kukikata. Fundi mzoefu hurekebisha bila kufikiri: husukuma kidole gumba upande mmoja na kuvuta vidole vingine upande wa pili ili mabapa yasuguane. Kazi inaendelea, nguo inakatika, lakini kiungo kimepindwa kwa kila mkato. Jambo hilohilo humpata mtu wa mkono wa kushoto anayetumia mkasi wa mkono wa kulia, kwa maana ubanaji wa kawaida wa mkono wake huyaachanisha mabapa. Mashoto mwenye maumivu ya mkono atafutiwe mkasi wa kushoto kabla ya kitu kingine chochote, hata kama itabidi kuagiza kutoka Dar es Salaam.

Kabla ya kununua mkasi mpya

Mikasi mingi inayosemwa kuwa ndiyo inayoumiza mikono ni mikasi mizuri iliyokosa matunzo. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Chuma kilichoachwa wazi barazani usiku mmoja huanza kutu kwenye ribiti, na ribiti yenye kutu hudai nguvu wakati wa kufunga na wakati wa kufungua. Fundi afute mabapa kwa kitambaa kikavu jioni, adondoshe tone moja la mafuta ya cherehani katikati, afungue na kufunga mara kadhaa, kisha afute mafuta yaliyozidi ili yasichafue kitambaa cha mteja.

Kuna jaribio rahisi la kupima ribiti au skrubu ya katikati. Mkasi ushikwe kwa kishikio kimoja, ukiwa umefunguliwa, na kishikio cha pili kiachiwe kidondoke chenyewe. Kikianguka na kujifunga kabisa, skrubu imelegea. Kikiganda pale pale, imekaza mno au ina kutu. Kikishuka taratibu na kusimama kabla ya ncha kukutana, mkasi uko sawa. Mikasi yenye skrubu huweza kurekebishwa kwa bisibisi. Yenye ribiti huhitaji fundi wa vyuma.

Kisha makali. Mkasi ujaribiwe kwa kipande chembamba cha pamba, na ukate mpaka ncha bila kutafuna nyuzi. Ukishindwa, unolewe. Mnoa visu apewe maelekezo: anoe ukingo wa nje ulioinama tu, asiguse uso wa ndani ambako mabapa husuguana, kwa sababu uso huo ukishakwanguliwa mkasi hautakata sawasawa tena. Na mkasi wa kitambaa usikate karatasi, kamba wala mfuko wa plastiki. Nyumbani kwenye watoto wa shule agizo hili ni gumu kulitimiza, na njia ya hakika ni kuwa na mkasi wa pili wa matumizi ya nyumba.

Vishikio vyembamba vya chuma huchimba ngozi na kukusanya mgandamizo wote mahali pamoja. Ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, ukazungushwa kwenye vishikio na kufungwa kwa uzi imara, huongeza unene na kuzuia mkasi kuteleza kwa jasho. Kishikio kinene hakihitaji kubanwa kwa nguvu ili kisiteleze. Ila matundu yabaki na nafasi ya kutosha. Mpira ukijaza tundu hadi kidole kilichovimba kikakwama, dawa imegeuka ugonjwa.

Kuchagua mkasi

Mkasi mzito wa chuma wenye vishikio vyeusi, wa inchi 10 au 12, ni alama ya ufundi. Hutundikwa, hurithiwa, na mwanafunzi haruhusiwi kuugusa. Wa inchi 12 waweza kufikia nusu kilo au zaidi, na uzito huo wote huning'inia kwenye kifundo cha mkono kila unapoinuliwa mezani. Mgonjwa ataambiwa na wenzake kwamba mkasi mwepesi ni wa kuchezea. Si kweli. Mikasi yenye vishikio vya plastiki iliyotengenezwa Finland na kampuni ya Fiskars kuanzia mwaka 1967 ilienea duniani kwa sababu wepesi wake haukupunguza ukali. Kwa kitambaa cha kanga, kitenge, poplini na sare za shule, mkasi mwepesi wa inchi 8 unatosha. Mkubwa zaidi una faida katika mikato mirefu ya kitambaa kizito, na kazi hiyo yafaa apewe kijana wa kazi.

Umbo la kishikio lina maana kuliko jina la kampuni. Tundu la chini liwe pana kiasi cha kuingiza vidole vitatu au vinne, ili nguvu itoke kwenye kiganja chote. Tundu la juu limpokee kidole gumba bila kubana, hata asubuhi wakati uvimbe uko juu. Vishikio viwe vimepinda kuelekea juu, ili bapa la chini lilale mezani na kifundo cha mkono kibaki kimenyooka. Mkasi ulionyooka kabisa hulazimisha ama kitambaa kuinuliwa au mkono kukunjwa.

Mikasi yenye springi hujifungua yenyewe baada ya kila mkato. Kwa mgonjwa ambaye kufungua ndiko kunakomuumiza, hii ni nafuu kubwa. Lakini springi haitoi nguvu bure: inachorudisha wakati wa kufungua ilikipokea wakati wa kufunga. Springi ngumu humchosha zaidi mgonjwa mwenye ubanaji dhaifu, hasa wa baridi yabisi ambaye mizizi ya vidole imevimba. Springi inayofaa hubanwa kwa urahisi na vidole vitatu. Mkasi huo uwe na kifungio cha kuufunga usipotumika, nacho kifungulike bila kutumia ukucha.

Kwa kukata nyuzi baada ya kushona hakuna sababu ya kuinua mkasi mkubwa. Kimkasi kidogo cha kukatia nyuzi, kile kisicho na matundu, kilichoumbwa kama koleo ndogo yenye ncha mbili, hukaa kiganjani na kujifungua chenyewe. Ni cha bei ndogo kuliko mkasi wa kitambaa, na huondoa makumi ya miinuo ya mkasi mzito kwa siku. Ikiwa mgonjwa ana fedha za kununua kitu kimoja tu wiki hii, na mkasi wake mkubwa umeshanolewa, anunue hiki.

Mkasi haupaswi kununuliwa bila kuushika. Mgonjwa aende dukani na kipande cha kitambaa anachokikata kila siku, kikunjwe mara mbili, aombe kukata mara kumi na kusikiliza mkono. Wakati mzuri ni saa ya maumivu, kwa mfano asubuhi, kwa kuwa jioni baada ya kidonge kila mkasi ni mzuri. Muuzaji akikataa kitambaa kikatwe, angalau mkasi ufunguliwe na kufungwa mara ishirini hewani.

Meza, mkeka na siku ya kazi

Fundi wengi wa nyumbani hutandaza kitambaa juu ya mkeka na kukata wakiwa wamekaa chini. Mkono hufanya kazi umekunjwa kwenye kifundo, na mwili hauwezi kusaidia. Meza inayofika usawa wa nyonga humwezesha kukata amesimama, bapa la chini likiteleza juu ya ubao na bega likisukuma. Mlango wa zamani uliowekwa juu ya matofali hufanya kazi hiyo vizuri.

Kitambaa cha pamba kilichofumwa wima na mlalo, kama kanga, huweza kuchanwa kwa mstari ulionyooka baada ya kukatwa kidogo ukingoni. Wauza vitambaa hufanya hivyo kila siku. Kuchana hutumia mikono mizima na huondoa mkato mrefu. Kusitumike penye maua au maandishi ambayo hayakulingana na uzi, wala na mgonjwa ambaye vifundo vyake vimevimba wakati huo.

Asubuhi, dakika tano hadi kumi za kuloweka mikono katika maji ya uvuguvugu, huku vidole vikifunguliwa na kufungwa polepole, hupunguza ukakamavu. Kazi ya kukata isipangwe saa ya kwanza. Ni bora pia kuchanganya kazi: kukata kwa dakika 20, kisha kushona, kisha kurudi, kuliko kukata sare kumi mfululizo.

Kazi ya mhudumu wa afya

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mama mshonaji wa miaka 58, kutoka kijiji cha pwani, amekuja zahanati mara ya tatu akiomba diklofenaki. Ana shinikizo la damu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe vile vidonge vya siku zile, vilinisaidia."

"Pole na maumivu, mama. Kabla ya vidonge, nionyeshe unavyokata nguo."

"Nikuonyeshe vipi, na mkasi nimeuacha nyumbani?"

"Kesho uje nao, pamoja na kipande cha kitambaa."

Kesho yake mkasi unawekwa mezani. Ni wa inchi 10, una kutu katikati, na kishikio hakishuki hata kikiachiwa. Anapokata, kidole gumba kinapinda na uso unakunjamana wakati wa kufungua. Mzizi wa kidole gumba unauma ukibonyezwa, hauna joto, na ukakamavu wa asubuhi ni wa dakika kumi. Dakika chache za kutazama zimetoa habari ambayo ziara mbili za kwanza hazikuitoa.

Mpango wake unaandikwa hivi: mkasi utiwe mafuta na kunolewa, vishikio vifungwe mpira, kimkasi cha nyuzi kinunuliwe, meza itafutwe. Kidole gumba kivalishwe banzi laini wakati wa kukata, kama kituo kinalo au fundi mwenyewe aweza kulishona kwa kitambaa kizito baada ya kuonyeshwa. Diklofenaki ya kumeza inasitishwa, kwa kuwa kwa mwenye shinikizo la damu huweza kulipandisha na kudhuru figo, mbali na vidonda vya tumbo. Ya kupaka hutumika mahali pake, pamoja na parasetamo inapohitajika. Anarudi baada ya wiki mbili na kuulizwa mambo matatu: amekata nguo ngapi kwa siku, amemeza vidonge vingapi, na usingizi wake ukoje.

Wapo wasiopaswa kungoja wiki mbili. Kiungo chenye joto na wekundu, hasa kikiambatana na homa, kitibiwe kama dharura mpaka usaha uondolewe katika shaka. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha mtu usiku ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na ikiacha misuli ya mzizi wa kidole gumba ikisinyaa, muda wa kuuokoa mkono unakwisha. Uvimbe wa viungo vidogo vya mikono yote miwili unaozidi wiki sita, wenye ukakamavu mrefu wa asubuhi, upelekwe hospitali ya rufaa, Ligula au ya kanda iliyoko Mtwara, ambako vipimo vya damu vitaombwa. Mgonjwa wa kijiji cha mbali aandikiwe barua inayotaja kazi yake, na aambiwe mkasi wake ausafirishe pamoja naye.